Viatu Vinavyotazama Mlango

Kama unataka kisa cha kubuni, ninavyo vingi, na vingine vimechapishwa. Hiki si kimojawapo. Hiki kilinipata mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii, na ukitaka ushahidi njoo asubuhi yoyote chumbani kwangu utazame viatu vyangu vimeelekea wapi. Nimesoma chuo kikuu, nimelipwa mshahara kwa kuwafundisha watu kutofautisha hoja na porojo, kwa hiyo najua mtu mwenye akili timamu anapaswa kusema nini na kunyamazia nini. Ndiyo maana nilinyamaza miaka mingi. Sasa nimefika umri ambao watu wakikucheka unacheka nao, basi nisikilize.

Utaniambia mambo ya namna hii hutokea usiku wa manane, bundi analia, mbwa wanabweka pasipo na mtu. Langu lilitokea mchana, baada ya chakula, na nilikuwa nimeshiba maharage. Samahani kwa hilo.

Ilikuwa zama za vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, mtu wa Songea, Mkatoliki wa kuzaliwa, nimepangiwa kazi Hanang, upande wa Gendabi, chini ya mlima. Kijiji chenyewe sitakitaja kwa sababu mke wangu bado anaishi hapo. Kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa kwenye tambarare kwa mistari iliyonyooka kama matuta ya mchicha. Watu wake walikuwa Wairaqw, wakulima na wafugaji waliokaa juu kwenye miteremko tangu enzi za babu zao, kila familia na kilima chake, mpaka siku malori yalipokuja kuwateremsha. Nyumba zao za juu ziliezuliwa ili wasirudi. Mimi nilifika baada ya hayo yote, na sanduku la bati na rozari ya mama yangu, nikiamini kila neno la redio.

Niliishi nyumba moja na Idrisa, dresa wa zahanati, yaani mfunga vidonda, Mwislamu wa Kondoa. Ukitaka kumjua mtu, kaa naye nyumba yenye ndoo moja ya maji. Idrisa alitawadha kwa kikombe kimoja tu ili mimi nibakiwe na maji ya kunawa uso, na mimi niliposali rozari jioni alipunguza sauti ya redio hata kama ni mpira. Tulikuwa na mkataba wetu: yeye ananitaja kwenye dua zake, mimi namtaja kwenye zangu. “Bwana,” alikuwa akisema, “mmoja wetu akikosea mlango, mwingine atakuwa amebisha ule wenyewe.”

Hapo kijijini sala zilikuwa kama chumvi, hazikukosekana kwenye kitu. Mkutano wa Chama ulianza kwa katekista Lazaro kuomba, kisha Idrisa akasoma dua, ndipo katibu kata akasimama kutukumbusha kwamba serikali haina dini. Paulina, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wangu, alipiga ishara ya msalaba juu ya sufuria kabla hajatia unga. Baba yake, mzee Bura, hakuwa amebatizwa na wala hakuwa na mpango huo. Yeye kila asubuhi alisimama nje, akalitazama jua likichomoza, akanong'ona naye kama mtu anayezungumza na shangazi. Na mimi je? Mimi niliitikia. Ndiyo ilikuwa ibada yangu kubwa. Katekista amemaliza, “Amina.” Idrisa amemaliza, “Amina.” Walisema nini? Sijui, nilikuwa nawaza mtihani wa darasa la saba. Mtumishi wa serikali aliyepangwa ugenini hujifunza upesi kuitikia, na mimi nilijifunza kuliko wote.

Wairaqw wana sala yao ndefu iitwayo slufay. Mzee mmoja anasimama, anaomba mstari, na wote waliopo wanamwitikia kwa pamoja; anaomba mwingine, wanaitikia tena, mpaka mwisho. Mzee Bura ndiye aliyekuwa bingwa wake. Sikuelewa Kiiraqw zaidi ya salamu, lakini niliitikia na wenzangu, na wazee walinipenda kwa hilo. Nadhani hata binti yao nilimpata kwa sababu ya hilo. “Huyu kijana,” mzee Bura alimwambia mkewe mbele yangu, “hamwachi mtu akaomba peke yake.” Nilivimba kichwa. Laiti ningejua kwamba hapo nilikuwa napimwa kama fahali mnadani.

Tulioana kanisani, nikahamia nyumba ya peke yetu jirani na Idrisa, na Paulina akapata mimba. Hapo ndipo matembezi yalipoanza.

Nikwambie yalivyokuwa. Mtu yuko shambani, au anachunga, au anakoroga ugali. Mara anaacha. Anasimama, anageuka kuelekea mlimani, na anaanza kutembea. Macho wazi, uso mtulivu, hana haraka. Ukimuuliza unakwenda wapi, anakujibu vizuri kabisa: “Nyumbani.” Ukimshika mkono hagombani nawe, anasubiri umwachie ili aendelee. Walianza wazee, wakafuata akina mama, kisha watoto wangu darasani walianza kuinuka katikati ya hesabu za mafungu. Wengine walifika juu wakakaa ndani ya kuta zisizo na paa, kwenye ule ukungu wa Hanang unaoingia mpaka kwenye mifupa, wakashuka na homa ya mapafu. Mzee mmoja hakushuka. Katibu kata alisema hizo ni hujuma, akaweka mgambo njiani. Baada ya siku chache mgambo mwenyewe, ambaye naye ni mtoto wa huko juu, aliegemeza rungu lake kwenye mti akaondoka zake kwenda nyumbani.

Watu waliomba, usiseme hawakuomba. Katekista Lazaro aliendesha novena, sala ya siku tisa. Idrisa alisoma dua zahanati, usiku na asubuhi. Mzee Bura alisema wazi kwamba sala ya jambo hilo haifanyiki kijijini, inafanyika kule juu kwenye chemchemi yao, ambayo wameiacha bila kuiaga; na kule juu hakuruhusiwi. Walokole wawili waliopita kutoka Babati walifunga na kukemea. Hakuna kilichotulia.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta sufuria inaungua jikoni na Paulina hayupo. Nilikimbia. Nilimkuta kwenye ukingo wa korongo, pale njia ya zamani ilipokuwa imebomolewa na mvua. Tumbo lake lilikuwa kubwa tayari. Mguu mmoja ulikuwa chini, mwingine ulikuwa hewani, anautafutia mahali pa kukanyaga. Nilimkumbatia kwa nyuma tukaanguka wote wawili.

“Paulina! Unakwenda wapi?”

“Nyumbani.”

“Nyumbani ni huku, mama.”

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mwanafunzi mzito. “Hapana, Mwalimu. Huku ni kambini.”

Tangu hapo sikulala. Nilimfunga kamba ya kiunoni, upande mmoja yeye, upande mmoja mimi, na bado nikitoka kwenda shule nilijua kwamba lile korongo liko pale pale na tumbo linakua. Niliomba kama sijawahi kuomba. Mara ya kwanza maishani nilisikiliza maneno yangu mwenyewe.

Wakaja watatu nyumbani kwangu, asubuhi ya Jumamosi: mzee Bura, katekista Lazaro na Idrisa. Nilishangaa kuwaona pamoja. Lazaro alikuwa amehubiri dhidi ya mzee Bura mwaka mzima, na Idrisa na Lazaro walikuwa hawajasalimiana vizuri tangu ugomvi wa mbuzi wa sikukuu. Sasa wamekaa kwenye benchi langu moja, magoti yao yamegusana.

“Mkwe,” mzee Bura alianza, “yule mtoto wangu anywe maji ya kwao. Maji ya chemchemi ya juu. Mtu akayachote amletee.”

“Nani ataruhusiwa kupanda?”

“Wewe ni mwalimu,” alisema Lazaro. “Ukisema unakwenda kutafuta majani ya somo la sayansi, nani atakuuliza?”

Nilimtazama Idrisa, mtu wa vidonge na sindano. “Na wewe unaonaje?”

Idrisa alikuwa anatazama sakafu. “Maji ya chemchemi ni safi,” alisema. “Hayana madhara.”

“Ukikuta mtu pale,” mzee Bura aliendelea, “mwamkie. Akiomba, mwitikie mpaka mwisho. Mkwe wangu, kwetu kumwacha mtu akaomba peke yake ni kama kumwona anazama ukageuka upande.”

“Nitaitikia, baba,” nilisema. “Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.” Tukacheka wote. Idrisa hakucheka.

Nilipanda baada ya chakula cha mchana, kibuyu mkononi. Ukungu ulinipokea nusu ya njia. Nilipita kuta za watu niliowajua, hii ya mama Bura, hii ya mgambo, zote wazi juu kama masanduku yaliyosahaulika kufunikwa. Mawe ya kusagia yalikuwa bado mahali pake. Kwenye nyumba moja nililisikia jiwe likisaga. Nilijiambia ni upepo. Niamini, nilikuwa mtu wa kujiambia ni upepo.

Chemchemi ilikuwa katikati ya mawe na majani marefu, inatoa sauti ndogo. Pembeni yake alikuwa amekaa mzee, amejifunika blanketi, fimbo mapajani. Nilidhani ni mmoja wa wale waliogoma kushuka, nikafurahi kwamba yu hai.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Alinitazama viatuni, akapanda polepole mpaka usoni. “Wamemtuma mkwe,” alisema, kwa Kiswahili safi kuliko changu. “Ni vizuri. Mkwe ni mtu wa hapa, na si mtu wa hapa.”

Hapo ndipo nilipoona. Baridi ilikuwa kali, na kila nikitoa pumzi mvuke ulinitoka mdomoni kama moshi wa kiko. Yeye alikuwa anaongea, na hakukuwa na mvuke wowote. Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi pia nilidhani ni mtu wa kukimbia. Lakini nilimwona Paulina na mguu wake hewani, nikabaki.

“Vua viatu,” aliniambia. Nikavua, nikaviweka vimeelekea maji. Alisimama akaanza kuomba.

Ilikuwa slufay. Niliujua mwendo wake, maneno sikuyajua. Alitoa mstari wa kwanza, akanyamaza, akasubiri. “Amina,” nikasema, kwa kuwa ndilo neno nililokuwa nalo. Na nyuma yangu, ndani ya ukungu, watu wakaitikia pamoja nami.

Sikudanganyi. Umati. Mstari wa pili, nikaitikia, nao wakaitikia, karibu zaidi. Nikaanza kuzitambua sauti. Ile nzito ilikuwa ya baba mkwe. Ile ya puani, inayovuta mwisho kama yuko kwenye litania, ilikuwa ya katekista Lazaro. Nilisikia “Amin” fupi ya Idrisa, niliyoisikia kila alfajiri nyuma ya ukuta wa udongo. Na kwa mbali kidogo, sauti ya mwanamke.

Nitakwambia jambo ambalo linaniuma kuliko mengine yote. Nilifurahi. Nilidhani wamenifuata. Nilidhani wameona si haki mgeni apande peke yake, wamekaidi katazo, wamekuja kusimama nyuma yangu. Tangu nishuke kwenye basi mjini Katesh na sanduku langu, sikuwahi kujisikia mtu wa mahali kama nilivyojisikia pale. Niliitikia kwa kifua chote. Niliitikia kama mtu anayeimba kwenye harusi yake.

Sala iliisha. Mzee aliinama, akachota maji kwa kiganja, akanimwagia kwenye nyayo, mguu huu na huu. Baridi yake ilipanda mpaka magotini. Niligeuka ili nione nyuso za wenzangu, na hapakuwa na mtu. Niligeuka tena mbele, na hapakuwa na mtu. Pale alipokuwa amekaa majani yalikuwa yamesimama wima, yana umande, hayajaguswa. Vilikuwepo viatu vyangu tu. Vilikuwa vimegeuzwa. Havikuelekea maji tena, wala havikuelekea kijijini. Vilielekea upande mwingine kabisa, bonde la mbali ambako barabara kuu inapita.

Nilijaza kibuyu, nikashuka nikiteleza. Nilipofika, watu walikuwa wanatoka kwenye boma la mzee Bura, wengi, kimya, kama watu waliotoka msibani. Walinipisha njia. Nilisema, “Mlikuwa mnaomba?” Mama mmoja akajibu, “Tulikuwa tunaitikia, Mwalimu,” akafunika mdomo kwa kanga, akaondoka haraka.

Paulina aliyanywa yale maji bila kunitazama usoni. Jioni ile aliivisha ugali mpaka mwisho. Hakuna mtu aliyetembea siku ile, wala ya pili yake, wala tena. Kijiji kilitulia kama ng'ombe waliokunywa. Watu walianza kupanda miti mbele ya nyumba, jambo ambalo walikuwa wamelikataa. Katibu kata aliandika taarifa kwamba ni matunda ya elimu ya siasa, na nasikia alipandishwa cheo. Mtoto wetu alizaliwa mzima, msichana, tukamwita Ana. Nilimshukuru Mungu kwa majina yote niliyokuwa nayajua.

Miguu yangu tu ndiyo haikutulia. Nikikaa mahali, ile baridi ilirudi kwenye nyayo, ikasumbua mpaka nisimame. Na kila asubuhi viatu, nilivyoviacha vimeelekea ukuta, nilivikuta vimeelekea mlango. Nilimlaumu paka. Hatukuwa na paka.

Ana alikuwa bado ananyonya nilipopata uhamisho kwenda Yaeda Chini, bondeni huko ambako barabara zilikuwa nyayo za ng'ombe tu. Tulifunga mizigo. Paulina alipanda lori na mtoto, akanishika mkono. Lori lilipofika nyumba ya mwisho ya mstari alianza kutetemeka, midomo ikawa ya kijivu, akapiga bodi kwa kiganja mpaka dereva akasimama.

“Siwezi, Baba Ana. Miguu inakataa.”

“Unaumwa?”

“Siumwi. Hapa ni kwangu. Siwezi kutoka.” Akashuka na mtoto. Nilitaka kushuka nami, na hapo nikagundua kwamba nyayo zangu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, zilikuwa na joto. Zilikuwa zinafurahia lori.

Idrisa alikuwa amenisindikiza, amekaa juu ya magunia. Sisi wawili tukaendelea mpaka njia panda. Pale aliniambia, bila mimi kumuuliza, huku analia waziwazi kama mtoto.

“Tulikaa kikao, ndugu yangu.”

“Kikao gani?”

“Cha dini zote. Kwa mzee Bura. Siku moja kabla hujapanda.”

“Mbona sikuitwa?”

“Ajenda ilikuwa wewe.”

Akanieleza. Mzee Bura aliwaambia kwamba matembezi hayaondoki, yanahamishwa tu. Watu wameng'olewa, na kule kung'olewa lazima kukae ndani ya mtu. Mmoja akikubali kuyabeba kwa hiari yake mbele ya chemchemi, wengine watatulia. Awe wa hapa ili akubaliwe, na asiwe wa hapa ili pengo lake lisiume sana. Katekista Lazaro akasita, kisha akakumbuka habari ya yule nabii aliyetupwa baharini ili dhoruba itulie na waliobaki chomboni wapone. “Nikamwambia hata sisi tunayo habari hiyo,” alisema Idrisa. “Tukaona basi, kama vitabu vyote vimekubali.”

“Ile sala ilisema nini?”

“Wakae hawa. Vitanda vyao viwajue. Moto wao usihame. Na huyu anayeitikia atembee kwa niaba yao.” Akajifuta pua kwa mkono wa shati. “Sisi tuliitikia chini, wewe uliitikia juu. Nilikuwa nakuombea bwana, wallahi, kila siku. Hata siku ile.”

“Ulikuwa unaniombea nini?”

Alishuka akaanza kuteremsha mizigo yangu. Lori jingine, lililokuwa linakwenda upande wa Mbulu, likaja, nikapanda.

Fikiria jambo hilo. Watu wale hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu, si siku ya mapumziko, si namna ya kuchinja, si jina la Mungu. Kitu pekee kilichowaunganisha, kwa kauli moja bila kupinga, kilikuwa mimi. Ningekuwa na moyo mkubwa ningejivunia.

Tangu hapo nimeishi wilaya ambazo nimechoka kuzitaja. Yaeda, kisha Mbulu mjini, kisha mikoa mingine, kisha chuo kikuu cha Mlimani kusoma falsafa, ambako nilitafuta ufafanuzi na nikapata digrii. Kila mahali nimekuta watu wema wanaoniombea safari njema, na safari zangu zote, nakiri, zimekuwa njema. Rafiki zangu wasomi husema ni wizara tu, walimu wote wanahamishwa. Huenda. Wizara ilinihamisha mara kadhaa. Mara nyingi zaidi niliomba mwenyewe.

Kila likizo naenda kwa Paulina. Ananipokea vizuri, ananipikia, anapiga ishara ya msalaba juu ya sufuria. Ana amekuwa mwanamke mzima sasa, ana watoto, na hajawahi kulala nje ya kijiji kile. Siku mbili za kwanza huwa nzuri. Ya tatu nyayo zinaanza. Idrisa hakurudi Kondoa, alioa hapo hapo. Bado ananisalimia kwa kuinama, na bado ananitaja kwenye dua zake. Mimi nilishaacha kumtaja. Mzee Bura alifariki akiwa ametulia kitandani mwake, na kitanda kikimjua.

Mwaka fulani, kwenye moja ya likizo hizo, niliamka kunapambazuka. Nilikuwa nimeviweka viatu vyangu chini ya kitanda, pua zimeelekea ndani, nikisema safari hii nitashinda. Nikafumbua macho nikamwona mke wangu amepiga magoti sakafuni. Alikuwa anavigeuza. Taratibu, kiatu kimoja kimoja, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Midomo yake ilikuwa inaomba. Alipoviweka sawasawa kuelekea mlango, alipiga ishara ya msalaba juu yake.

“Paulina.”

Hakushtuka. Nadhani alikuwa akiisubiri siku hiyo.

“Ile sauti ya mwanamke,” nilisema. “Kule ukunguni. Ilikuwa yako.”

“Ilikuwa yangu.”

“Ulijua wananituma kufanya nini?”

“Nilijua, Baba Ana. Nilikuwa na mtoto tumboni.” Alikaa juu ya visigino vyake akanitazama, na safari hii hakukwepa macho. “Ningekuambia, usingeitikia.”

Ni kweli, nisingeitikia. Nilivaa viatu. Vilikuwa vimeelekea pazuri kwa kuvaa.

Sasa onyo langu, na lichukue kutoka kwa mtu ambaye bado anasali. Ndiyo, bado nasali, ila kwa sauti ndogo na peke yangu, na ninasoma kila neno kabla sijaliachia. Ukikaa mahali watu wakaanza kuomba, msikitini, kanisani, mkutanoni, msibani, kwenye sahani ya pilau, usiwe mtu wa kuitikia kwa adabu tu. Sikiliza anaombewa nani, apewe nini, na kitatoka kwa nani. Lugha usiyoijua, ulizia kwanza. Na siku ukiona watu wa kila dini wameketi benchi moja wanakubaliana, magoti yamegusana, na wewe hukualikwa kwenye kikao, tafuta viatu vyako mapema.

Mimi vyangu sihangaiki kuvitafuta. Nyumbani kwa Paulina najua ni nani anayevigeuza. Kwingine kote naishi peke yangu, mlango nimeufunga kwa ndani, na asubuhi navikuta vimeshageuzwa.